Kujihoji kwa maswali: ukijiuliza tabia utajisifu, ukijiuliza tendo utasema kweli

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, habari za leo. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu jambo lenyewe nimelifikiria kwa muda mrefu na sipendi kulipitia juu juu.

Kila inapokaribia Januari, na siku hizi hata katikati ya mwaka, makundi yetu ya WhatsApp hujaa orodha za maswali ya kujijua. Wewe ni mtu wa namna gani? Je, unajipenda? Je, wewe ni mwaminifu? Udhaifu wako mkubwa ni upi? Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Watu huyajibu, wengine kwa dhati kabisa wakiwa wametulia na daftari, na wakimaliza hujisikia wepesi kidogo. Ninachotaka tukijadili ni kwamba maswali mengi ya aina hiyo, hata yakijibiwa na mtu mwenye nia njema, hayamfikishi popote, na kasoro haimo katika nia yake bali katika swali lenyewe. Swali linalomtaka mtu ataje sifa yake humpa nafasi ya kujipamba. Swali linalomtaka ataje tendo, siku, kiasi cha fedha au jina la mtu humbana mpaka aseme kweli, hata kama alikaa chini akiwa hajakusudia kuisema.

Chukueni mfano wa usaili wa kazi. Kila aliyewahi kukaa mbele ya jopo analijua swali la "udhaifu wako ni upi?", na kila aliyelijibu anajua kwamba jibu liliandaliwa usiku wa kuamkia siku ile: "Huwa najituma kupita kiasi", au "Nikianza kazi siwezi kuiacha mpaka iishe". Mwombaji yule si mtu mbaya. Anajibu hivyo kwa sababu anayeuliza ndiye anayeamua, na mwenye shida hamwoneshi mwamuzi donda lake. Jambo la kusikitisha ni kwamba tukiwa peke yetu, mlango umefungwa na simu imezimwa, bado tunajijibu kana kwamba jopo lipo. Ndani ya kila mmoja wetu mna mwombaji na mna mwenyekiti wa jopo, na wote wawili wanataka kikao kiishe salama.

Hili limepimwa. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson alichapisha matokeo ya kuwataka wanafunzi wa Marekani na wa Uswidi wajilinganishe na madereva wenzao kwa ustadi wa kuendesha gari. Asilimia 93 ya Wamarekani na asilimia 69 ya Waswidi walijiweka katika nusu ya juu, ambayo kwa hesabu ya kawaida haiwezi kubeba zaidi ya nusu ya watu. Hawakuwa wakiomba leseni wala kazi, na hakuna aliyewatisha. Waliulizwa sifa, wakatoa sifa.

Lililo zito zaidi lilielezwa na wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson mwaka 1977. Dukani huko Marekani zilipangwa jozi nne za stokingi, na wapita njia wakaombwa wachague iliyo bora. Jozi zote nne zilikuwa sawasawa kabisa. Iliyochaguliwa kwa wingi ilikuwa ile ya mwisho upande wa kulia, lakini wachaguzi walipoulizwa sababu hakuna hata mmoja aliyetaja mahali ilipowekwa, na walipoulizwa waziwazi kama upande uliwavuta, karibu wote walikana. Maana yake ni kwamba mtu akijiuliza "kwa nini nilifanya vile?", moyo hauishiwi na sababu, utamtengenezea moja papo hapo, naye ataipokea kwa unyofu wote. Kwa hiyo mimi nashauri swali la "kwa nini" liwekwe nyuma kabisa, baada ya nini, lini, kwa nani na kiasi gani.

Sisi Watanzania tuna mfano mkubwa nyumbani, na nashangaa haukumbukwi katika mazungumzo ya namna hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lingeweza kumuuliza kiongozi kama yeye ni mjamaa wa kweli. Kila mmoja angeitikia ndiyo, na ukumbi ungelipuka kwa makofi. Badala yake masharti ya uongozi yalitaja vitu: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Unaweza kuiunga mkono siasa ile au kuipinga, na ninaomba sana uzi usihamie huko. Ninachotazama ni umbo la swali. "Una nyumba ya kupangisha?" ni swali lisilo na pa kujificha: nyumba ipo au haipo, mpangaji yupo au hayupo. Tamko la mali na madeni ambalo viongozi wa umma hulijaza kwa mujibu wa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 limefuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa halimuulizi kiongozi kama ni mwadilifu, linamuuliza anamiliki nini na anadaiwa nini. Ikiwa nchi nzima iliona haitoshi kumpima kiongozi kwa maelezo yake juu ya sifa zake, sioni kwa nini mimi nijipime kwa maelezo yangu.

Nije kwenye vitendo. Rafiki yangu mmoja, fundi umeme hapa Dodoma, ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja. Siku zote amejieleza, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote, kwamba yeye ni mtu wa familia na hasa mama yake aliyeko kijijini. Nilimwomba aiweke sifa hiyo pembeni kwanza, achukue taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi mitatu, kisha ajibu swali moja tu: fedha zangu zilikwenda kwa nani? Tulizitandaza karatasi zile juu ya meza ya chakula, kalamu ya bluu kwa fedha za nyumbani, nyekundu kwa nyinginezo. Kulikuwa na ada ya mtoto, kulikuwa na umeme wa LUKU, kulikuwa na mchango wa harusi ya mtu ambaye alisema hamfahamu vizuri, marejesho ya mkopo wa simu, na safu ndefu ya elfu moja moja na elfu mbili mbili zilizokwenda kubashiri mpira, nyingi zikiwa za Jumamosi jioni. Kwa mama yake kulikuwa na miamala miwili, yote ya mwezi mmoja, na mwezi huo ndio mama aliolazwa. Sikusema neno. Aliishika kalamu ya bluu, akaizungusha vidoleni, kisha akatamka jambo ambalo orodha ya maswali mia moja isingelitoa kinywani mwake: kwamba humtumia mama yake fedha pale tu anapoogopa kumpoteza.

Tungeanza na swali la moyo, yaani "unampenda mama yako kiasi gani?", tungepata hotuba. Tulianza na fedha, moyo ukajitokeza wenyewe.

Haya hapa ni baadhi ya maswali ambayo nimeyaona yana nguvu. Mara ya mwisho kumwomba mtu msamaha ilikuwa lini, alikuwa nani, na nilitamka maneno gani hasa? Ni nani ambaye simu yake ikiita naiacha iite mpaka ikatike, na nilianza lini kufanya hivyo? Ni habari gani njema ya mtu wa karibu niliyoisikia nikasema "hongera" huku sijafurahi? Ni tukio gani moja nimewasimulia watu wawili kwa namna mbili tofauti, na kila mmoja nilimficha kipi? Ni kazi gani nimesifiwa kwayo ilhali sehemu kubwa aliifanya mwingine? Ni nani ananidai ambaye natumaini amesahau? Hilo la mwisho naliheshimu kuliko yote, kwa sababu deni ambalo mtu analikumbuka vizuri huku akiomba mwenye nalo alisahau halihitaji kufasiriwa na mtaalamu yeyote.

Ukiyajibu, andika. Mawazo matupu yana uhuru mkubwa mno. Sentensi ikianza kukuelekea vibaya unaigeuza kabla haijafika mwisho, wala huoni kwamba umeigeuza. Ikishakuwa karatasini, ukiifuta unaona kwamba umefuta. Kisha, kwa kila jibu lenye mtu ndani yake, ongeza kipimo kimoja: mtu huyo akilisoma, atakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa? Nyani haoni kundule, lakini wenzake wanaliona, na jibu ambalo wao wasingelitambua bado halijawa jibu.

Karibuni kwa hoja, hasa zinazopinga.

#2 – Mchangiaji

Assalam aleikum. Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini. Mimi nasomesha madrasa huku Mombasa na uliyoyaeleza ni mlango mkubwa katika dini yetu, mlango wa muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake. Amepokewa Sayyidna Umar bin Khattab akiwaambia watu wazihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa. Al-Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, lakabu yake yenyewe ilitokana na kuisimamia nafsi yake kwa hesabu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akaja kulipanga jambo hili kwa hatua, na ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi unawekeana naye sharti, mchana unamchunga, jioni mnakaa mkafanya hesabu ya faida na hasara, na ikionekana amehini unamtoza.

Nina nyongeza moja na nina swali moja. Nyongeza ni hii. Wewe umeanza na hesabu ya jioni ukaliacha sharti la asubuhi. Mshirika ambaye hukukubaliana naye lolote asubuhi, jioni utamdai nini? Atakwambia kila alilolifanya ndilo alilokusudia. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "leo fedha zilikwenda kwa nani?", yafaa mtu awe amesema asubuhi, kwa maneno mafupi, zinapaswa kwenda kwa nani. Bila ya hapo tutayageuza matendo yetu yawe ndiyo nia zetu, nasi tutatoka tumefaulu kila siku.

Tena nakumbusha kwamba kuuhoji moyo kwa ushahidi wa macho si jambo geni pwani hii. Mwanzoni mwa karne ya 19 mshairi wa Pate aliukabili moyo wake mwenyewe kwa maswali, na alipoona haukubali kwa mawaidha matupu, akaupeleka kwenye majumba ya matajiri waliokwisha kuondoka, akauonesha madaka yaliyokuwa yakipangwa sahani, sasa wamelala humo makinda ya ndege. Hakuuliza "Je, ewe moyo, wewe ni mnyenyekevu?" Aliuonesha dari na kuta.

Swali langu: huoni kwamba mtu mwenye elimu ndogo, asiyezoea kuandika, umemfungia nje?

#3 – Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam, mwalimu. Nyongeza yako naipokea kwa mikono miwili, na nitaiweka mbele ya yote niliyoandika. Sharti la asubuhi ndilo linalofanya swali la jioni liwe na meno. Rafiki yangu fundi, kwa mfano, hakuwahi kujiwekea kiasi wala siku ya kumtumia mama yake, na kwa hiyo kila mwezi alijiona mwana mwema kwa kuwa hapakuwa na ahadi ya kuvunjwa.

Kuhusu asiyeandika, jibu limo katika desturi ya upande wa pili wa dini, upande wa Kikristo. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ambaye mazoezi yake ya kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alimtaka mtu achague kosa moja tu, aamke akiwa amekusudia kulikwepa, kisha ajihoji mara mbili, baada ya chakula cha mchana na baada ya chakula cha jioni. Kila alipoanguka aliweka nukta juu ya mstari wa siku hiyo, mistari ikapangwa siku chini ya siku, na mwisho wa wiki akalinganisha. Hakuna insha wala maelezo. Asiyejua kusoma anaweza kuweka nukta, au kuhamisha punje za mahindi kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Tena ninavutiwa na lile la kuchagua kosa moja. Wengi wetu huamua kujitengeneza kila upande kwa wakati mmoja, na anayejishtaki kwa makosa kumi hana hata moja analolishughulikia.

#4 – Mchangiaji

Ndugu zangu, naomba kuuliza kwa uwazi. Mimi ni mtu ambaye sihitaji kuhimizwa kujihoji. Nalala saa nne, naamka saa nane usiku, na mpaka adhana inaadhiniwa niko macho nikijiuliza nilimwambia nini fulani, kwa nini nilinyamaza siku ile, kwa nini nilikubali. Maswali kama haya mnayoyapendekeza yangeniongezea mzigo. Je, hakuna hatari kwamba mnawapa watu kamba ya kujifungia?

#5 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, asante kwa kulisema hili, na ninaomba nikujibu kwa urefu kwa sababu nadhani wengi wanaosoma kimya kimya wako mahali ulipo.

Unalolieleza na ninalolipendekeza vinafanana kwa nje tu. Kujihoji kuna mwanzo na mwisho: swali linaulizwa, jibu linapatikana, linaandikwa, na kama kuna la kufanya linafanywa. Kinachokuamsha saa nane usiku hakitafuti jibu. Kingekuwa kinatafuta, kingetosheka usiku wa kwanza, maana jibu ulishalitoa. Kinarudia swali lile lile ili ujisikie vibaya tena, na mara nyingi ni lile swali la "kwa nini" ambalo nimesema halina mwisho. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni wa kubana, si wa kuongeza. Usijihoji usiku hata kidogo. Chagua saa ya mchana, weka muda mfupi wenye kikomo, chukua swali moja la tukio, andika kilichotokea, funga daftari. Ukiamshwa usiku, mwambie huyo anayekuamsha kwamba kesi hiyo ina saa yake.

Kuna jambo lingine dogo lenye manufaa. Ethan Kross na wenzake walichapisha mwaka 2014 tafiti zinazoonesha kwamba watu waliojisemesha kwa kutumia jina lao, badala ya kusema "mimi", walipokuwa wakijiandaa kuzungumza mbele ya watu, walizungumza vizuri zaidi na hawakujitesa sana baadaye. Jaribu kuandika kama unamwandikia mtu: "Wewe fulani, siku ile ulimwambia kaka yako hivi." Wengi wetu tuna huruma na haki zaidi kwa mtu mwingine kuliko tulizo nazo kwa nafsi zetu, na mbinu hii inatufungulia ile tunayowapa wengine.

Vilevile ni haki msomaji ajue atakavyojisikia. James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, waliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi kuliko waliopewa mada za kawaida, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Uzito wa saa ile, basi, usikutishe. Uzito unaokaa wiki kwa wiki, ukala usingizi na hamu ya chakula, ukaanza kukushawishi kwamba ni bora usiwepo, huo ni ugonjwa na una tiba, na hapo daftari liwekwe kando. Nenda hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, hapa Dodoma tuna Mirembe, na hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kukuelekeza. Nakusihi usilione hilo kuwa aibu, wala usisubiri mtu akuambie kwamba umezidiwa.

#6 – Mchangiaji

Wakuu, nimetoka mbali kidogo na simu, nimekuta mmefika hapa. Mimi ni wa Bukoba, nimelelewa na bibi aliyekuwa Mlokole wa zamani. Uamsho ule ulianzia pande za Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika kwetu Bukoba, na pia Kenya na kwingineko. Walikuwa wanakutana na kuungama mbele ya wenzao, na waliita jambo hilo kutembea nuruni. Bibi alikuwa hakubali kabisa mtu aseme "Bwana nisamehe, mimi ni mwenye dhambi". Alikuwa akimkatiza: "Dhambi gani? Kwa nani?" Kama ni jembe uliiba, utaje jembe na umtaje mwenye jembe, kisha ulirudishe. Watu walirudisha vitu kweli, wengine vitu walivyochukua kwa waajiri wao miaka mingi nyuma. Kwa hiyo hoja ya mwanzisha uzi ya kutaja tendo naiunga mkono kwa asilimia zote.

Lakini bibi huyo huyo alinieleza pia upande wa pili. Baadaye walitokea watu walioungama kwa ufundi. Mtu anasimama, anasimulia madhambi makubwa ya ujanani mpaka watu wanashangaa, ilhali lile la wiki hii, la kumtolea mkewe maneno machafu, halitaji. Kwa hiyo nauliza: majibu haya yabaki daftarini, au aambiwe mtu? Na kama ni mtu, nani?

#7 – Mwanzisha uzi

Mkuu, huyo bibi amenipa katika maneno manne kitu nilichohitaji aya sita kukieleza. "Dhambi gani? Kwa nani?" Ninaomba ruhusa niyatumie.

Hilo la kuungama kwa ufundi ni kweli, na linaonesha kwamba hata tendo linaweza kugeuzwa pambo iwapo limechaguliwa kwa ajili ya wasikilizaji. Dawa yake naiona katika ukaribu wa tarehe. Jibu la miaka ishirini iliyopita ni rahisi kwa sababu aliyelifanya tumekwisha kumkana. Mtu aanze na wiki hii.

Kuhusu nani aambiwe, tazameni wenzetu wa Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, katika jimbo la Ohio, mwaka 1935, kwa ajili ya watu wanaotaka kuacha pombe. Hatua zao 12 zilichapishwa mwaka 1939, na ya nne inamtaka mtu ajikague bila woga. Namna yao ya kuiandika ni jedwali. Safu ya kwanza unaandika mtu unayemkasirikia. Ya pili, alichokufanyia. Ya tatu, kilichoumia ndani yako, kama ni heshima, fedha, usalama au mapenzi. Mpaka hapo kila mtu huandika kwa furaha, kwa kuwa anashtaki. Kisha inakuja sehemu inayobadilisha karatasi yote: katika jambo hilo hilo, mimi nilikuwa na sehemu gani? Nimeiona kazi ya swali hilo kwa mama mmoja aliyekuwa na kinyongo na wifi yake kwa sababu ya shamba la urithi. Safu tatu za mwanzo zilijaa pande zote za karatasi. Sehemu ya nne aliandika mstari mmoja, kwamba alijua kikao cha ukoo kingefanyika siku gani na hakumwambia wifi yake. Alikuwa hajawahi kuisema sentensi hiyo kwa mtu yeyote, na nadhani hata kwa nafsi yake.

Hatua yao ya tano ni kumwambia mtu mwingine, mmoja, na hapo ndipo natofautiana kwa heshima na desturi ya kusimama mbele ya kundi. Mtu mmoja hana makofi ya kukupa. Achaguliwe mtu mwenye kifua, asiye bosi wako, asiyekutegemea kwa chakula, na asiye yule utakayemuumiza kwa kujitua mzigo wako. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika kwa ukweli uliosemwa kwa haraka ili msemaji alale usingizi. Wenzetu hao waliliona mapema, na hatua yao ya tisa inaagiza kuwatengenezea watu uliowakosea isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawadhuru wao au wengine. Kama ulichochukua ni jembe, jembe lirudi kesho asubuhi. Kama ni siri ya mtu wa tatu, huna haki ya kuiungama kwa niaba yake.

Wapo walioniuliza faraghani kuhusu daftari kusomwa na mwenza. Jibu langu ni kwamba daftari la namna hii si lazima litunzwe. Kazi yake inafanyika wakati wa kuandika. Ukishachukua kile kinachotakiwa kufanywa, yaani mtu wa kumwona, fedha ya kurudisha, maneno ya kurekebisha, karatasi unaweza kuichana. Kinachobaki ni orodha fupi ya mambo ya kutenda, na hiyo hata ikisomwa haina neno.

Nimeahidi kumjibu pia aliyeniuliza faraghani kama maswali haya yanafaa kwa vijana wa sekondari. Yanafaa, ila yapunguzwe na yasikusanywe na mwalimu. Siku majibu yatakapokusanywa, jopo la usaili litakuwa limerudi darasani, na wanafunzi wetu wana akili ya kutosha kulitambua na kuliandikia kile linachotaka kusikia.

Mwenye swali lililowahi kumbana kuliko haya aliweke hapa chini. Aweke swali peke yake, jibu abaki nalo. Nitayakusanya yanayotaka tendo, siku, mtu au kiasi, niyaongeze kwenye bandiko la kwanza, na yatakayokuwa yanauliza sifa nitawaomba wenyewe tuyageuze pamoja.